Peri, au Pale Karibu Kabisa na Mama Mkwe

Mwezi wa saba mwaka huu mke wangu alirudi kutoka kituo cha masomo akiwa amenuna. Yeye akinuna hanuni uso mzima. Ananuna upande wa kushoto tu, wa kulia anauacha kwa ajili ya kusalimia watu. Nikamuuliza una nini. Akasema, "Perihelion."

Nikasema pole sana. Nilidhani ni ugonjwa wa ndama.

Mimi na mke wangu wote tuliishia darasa la saba. Mimi nikaenda stendi ya Bariadi kuziba pancha za pikipiki, nikaridhika kabisa, maana pancha haiulizi cheti. Yeye hakuridhika. Anataka awe nesi, na kabla ya kufika huko lazima avuke Mtihani wa Maarifa, ule wa watu wazima ambao sekondari iliwapita kando. Unafanyika Novemba. Kwa hiyo mwaka huu akajiandikisha kwenye kituo kimoja hapa mjini, anakaa darasani na kina mama wenzake na jamaa mmoja mwenye mvi anayesinzia kwa heshima, kichwa kimenyooka. Na kila kitu huko ni kwa Kiingereza. Kiingereza changu mimi nilikipata kwenye maboksi ya matairi, kwa hiyo msaada wangu ulikuwa na mipaka, ingawa mwenyewe sikuiona.

Tatizo lilikuwa mtoto. Ana mwaka na miezi, anatembea kama mlevi, na akiona daftari anaona chakula. Darasani hawezi kwenda, stendi kwangu kuna gundi na moto. Akabaki mtu mmoja tu wa kumshika, mama yake mke wangu, ambaye anakaa pembeni ya mji, njia ya kwenda Migato. Basi mke wangu na mtoto wakahamia huko, mimi nikabaki kwenye chumba chetu cha kupanga na sufuria moja.

Mama mkwe alikubali, lakini kwa sharti. Yeye huwa anaongea Kisukuma, mimi nawaletea kwa Kiswahili, na mkiona kimepoa mjue chenyewe kilikuwa cha moto.

"Nitamshika mpaka wakati wa kuandaa mashamba," alimwambia binti yake. "Hapo nitataka kujua kama hiyo shule inaingia kichwani au inapita tu kama upepo. Mimi sisomi makaratasi. Utanifundisha kitu kimoja, nikielewe mimi mwenyewe. Nikielewa, mtoto atabaki kwangu mpaka umalize mtihani wako. Nisipoelewa, unamchukua mwanao mgongoni na jembe mkononi, tunalima pamba kama watu."

Na hakutania. Mke wangu alijua hakutania, ndiyo maana neno moja la Kiingereza lilikuwa linamnunisha upande mzima wa uso. Kila alichosoma alikuwa anakisoma mara mbili, mara moja kwa ajili ya Novemba na mara ya pili kwa ajili ya mama yake, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa anamtisha.

Sasa inabidi nieleze mimi na mama mkwe tunaishije. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Siyo ugomvi, ni heshima. Hamli pamoja, hamkai kwenye kivuli kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani anapisha. Mkiwa na la kuambiana mnapitisha kwa mtu mwingine, hata kama mnasikiana vizuri kabisa. Najua siku hizi mjini wapo wanaokaa na wakwe zao kwenye kochi moja wanaangalia mpira. Hao ni wao. Mama mkwe wangu anakaa dakika chache tu kutoka mjini lakini yeye mjini hajahamia.

Na mimi kila jioni nikifunga kazi ilikuwa lazima nimwone mke wangu na mwanangu. Ndiyo nikaanza kuzunguka.

Mji wa mama mkwe umezungushiwa uzio wa minyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani wenye maziwa yanayopofusha macho. Geti liko upande wa barabarani. Jiko liko upande wa pili kabisa, nyuma, limebanana na uzio, karibu na kizizi cha ndama. Mama mkwe jioni anakaa hapo jikoni. Na pengo pekee la minyaa, analopita ndama, na ambalo mke wangu anaweza kutoa kichwa na mtoto, liko hapo hapo nyuma ya jiko. Yaani mahali pekee pa kuonana na mke wangu palikuwa mahali nisipotakiwa kuwepo.

Basi nilikuwa nafika barabarani, napaza sauti, "Mwadila, mayu!" Ni salamu ya heshima, mayu ni mama. Yeye anaitikia kutoka jikoni bila kutoka. Halafu nafuata kanjia ka nje ya uzio, nazunguka mpaka kwenye pengo. Tunaongea kidogo. Mama mkwe akiinuka kuja upande huo, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, binti mwenye mdomo kuliko redio, anapiga kelele, "Ndama katoka! Ndama katoka!" Mimi nasikia ndama, naondoka mbio kuendelea na njia yangu, nazunguka upande wa pili mpaka barabarani tena. Nahema. Nikisikia kimya naanza upya. Kuna jioni ndama alitoka mpaka nikaanza kumwonea huruma.

Jioni ile ya perihelion mke wangu alikaa kwenye pengo na karatasi ya mwalimu mapajani, mtoto anajaribu kuila.

"Peri ni Kigiriki," akasema. "Mwalimu anasema maana yake ni karibu, au kuzunguka. Helion ni jua. Dunia inalizunguka jua, sasa pale inapokuwa karibu kabisa nalo ndiyo perihelion. Na ile ya mbali inatokana na apo. Hiyo nayo ni Kigiriki. Aphelion."

"Kigiriki kile kile cha Biblia?"

"Kile kile."

"Basi ni neno la Mungu hilo. Kwa nini linakuhangaisha?"

"Linanihangaisha kwa sababu nikilala yanabadilishana. Nikiamka ya karibu imekuwa ya mbali, ya mbali imekuwa ya karibu. Na mwalimu anasema lazima litokee."

"Andika kwenye mkono."

"Mkono wanaukagua."

"Andika kwa mtoto."

Alikuwa hajamaliza kuninyooshea kidole ndama akatoka. Nikakimbia. Nimefika barabarani nimejishika kiuno, naangalia ule uzio, naangalia moshi wa jiko kule mbali nyuma, nikajikuta nacheka peke yangu. Mpita njia mmoja na baiskeli akanipisha kama anavyopishwa mtu aliyechanganyikiwa. Nikarudi mbio kwenye pengo.

"Nimelipata," nikamwambia mke wangu.

"Umepata nini?"

"Mimi ni dunia."

Akaniangalia. "Wewe ni nani?"

"Dunia. Na mama yako ni jua."

"Ongea polepole, mwanaume! Unataka nirudi kulima leo leo?"

"Sikiliza basi. Mimi namzunguka mama yako kila jioni, ni uongo?"

"Si uongo."

"Simfikii na wala siondoki."

"Haya."

"Hapa nilipo sasa hivi, nyuma ya jiko, nasikia mpaka mwiko unavyogonga sufuria. Hakuna mahali pa karibu zaidi ya hapa ambapo nimewahi kufika. Hapa ndiyo peri. Kule barabarani naona moshi tu. Kule ni apo. Ukiulizwa peri kumbuka moshi wa jiko unaingia kwenye macho. Ukiulizwa apo kumbuka mimi nimesimama barabarani kama mtu aliyekosa gari."

Mke wangu akacheka kwa pande zote mbili za uso. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaangalia karatasi.

"Lakini jua si liko katikati?"

"Jiko la mama yako liko katikati?"

Akageuka akaangalia jiko lilivyobanana na uzio, akaangalia uwanja mkubwa uliobaki mpaka getini.

"Liko pembeni," akasema.

"Lingekuwa katikati kungekuwa na karibu na mbali? Kote kungekuwa sawa. Hiyo njia ya dunia ni kama ringi la baiskeli lililogongwa kidogo. Limekuwa na ka-urefu. Na ekseli haijakaa katikati."

Akachora kwenye karatasi. Akaweka jua pembeni, akaandika peri upande wa jiko na apo upande wa barabara. Kuanzia siku hiyo hayakubadilishana tena. Kituoni wakapewa jaribio dogo, likatokea neno ambalo hawajafundishwa, perigee, darasa zima likaguna. Yeye akalitazama, akaona peri imekaa pale mbele, akajiambia huyu ni mtu wa karibu, na swali linahusu mwezi, basi ni pale mwezi unapokuwa karibu na dunia. Akapata. Yule jamaa wa mvi akamuuliza amelijuaje, akamjibu ni mambo ya ukoo.

Neno likawa letu. Mtoto akisogelea chungu cha maharage, shemeji anapiga kelele, "Mmwangalie, kafika peri!" Mimi nikichelewa kuja, ananiuliza kesho yake, "Shemeji, jana vipi, ulikwamia apo?" Na mimi pale stendi nilianza kuwaambia wateja wasiotaka kulipa wasogee peri na pochi zao. Hakuna aliyeelewa lakini walisogea.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana sana katika historia hii. Sasa mimi huwa siishii.

Mwezi wa saba kwetu asubuhi ni baridi. Siyo baridi ya watu wa milimani, lakini ukishika spana unairudisha mfukoni. Watu wanapeleka pamba sokoni wamevaa makoti, upepo unapiga mavumbi. Na karatasi ya mwalimu ilikuwa inasema wazi kwamba dunia inafika mbali kabisa na jua mwezi huo huo wa saba, na inafika karibu kabisa mwezi wa kwanza. Mimi nilipoambiwa hivyo nilijipiga paja.

"Si ndiyo maana!" nikamwambia mke wangu kwenye pengo. "Mwezi wa saba tuko mbali na moto, tunasikia baridi. Januari tuko peri, tunachomeka. Kumbe jambo dogo hivi na watu wanalisomea miaka."

Akaitikia kwa kichwa, hoja ikamwingia. Ilikuwa nzuri mno kutokuingia. Kila mtu wa huku ingemwingia, maana miezi yenyewe inakubaliana na wewe, unasimama nje na koti lako na ushahidi unakupuliza usoni.

Wiki iliyofuata akaja na upande wa kushoto umeanza tena kununa.

"Nimemwambia mwalimu kuhusu baridi ya mwezi wa saba. Amesema siyo umbali. Amesema tofauti ya karibu na mbali ni ndogo, haiwezi kuleta joto na baridi. Amesema ni kwa sababu dunia imeinama."

"Imeinama inaokota nini?"

"Mimi nakuambia alichosema."

"Huyo mwalimu kwao wapi?"

"Njombe."

"Basi. Kwao mpaka jua linavaa sweta, atajua nini habari za joto? Mimi nakaa juani kutwa pale stendi. Yeye anakaa kwenye kivuli na chaki. Nani analijua jua zaidi?"

Alimsogeza mtoto kutoka mguu huu kwenda mguu ule, akakunja karatasi. Mimi nikachukua kimya chake nikakiweka mfukoni kama ushindi. Hata shemeji alipopita na ndoo akasema, "Shemeji, wewe ungekuwa mwalimu wanafunzi wangerudi chekechea," sikumjali. Huyo ni shemeji, kazi yake ni kunisema.

Mwezi wa tisa ukaja na joto lake. Mabua ya pamba yakang'olewa na kuchomwa, ardhi ikabaki wazi, nyekundu kwa nyeusi, inasubiri mvua ambayo hata dalili haina. Ndiyo wakati watu wanaanza kuangalia majembe. Jumapili moja ya mwishoni, baada ya ibada, shemeji akanipigia simu.

"Njoo. Mama kasema leo ndiyo leo."

"Dada yako anamfundisha nini?"

"Sijui. Dada ananawa uso mara ya tatu."

Nikafunga kazi. Nilifika nimelowa jasho, nikapaza salamu barabarani, nikazunguka moja kwa moja mpaka kwenye pengo, nikachuchumaa nyuma ya minyaa. Ilikuwa katikati ya mchana. Kupitia vijiti nilimwona mama mkwe amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, amemweka mtoto kati ya miguu, anamlisha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyolainishwa kwa maji. Mke wangu amesimama mbele yake kama yuko kortini. Hana karatasi. Mikono hajui aiweke wapi.

"Mwambie mkwe wangu," mama mkwe akamwambia shemeji, "asijifiche. Viatu vyake naviona."

"Shemeji, mama anasema viatu vyako vinaonekana."

"Mwambie mama nimesikia," nikasema.

"Mama, anasema amesikia."

"Nimesikia kwamba amesikia," mama mkwe akasema. Akamgeukia mke wangu. "Haya, ng'wanone, mwanangu. Nifundishe."

Mke wangu aliniambia baadaye alikuwa amepanga kufundisha habari za mbu na malaria, somo safi, halina hatari. Lakini aliposimama pale, mama yake kwenye kigoda kile kile, viatu vyangu chini ya uzio ule ule, mbu wote wakamtoka kichwani. Akabaki na kile alichokuwa anakijua bila kuhitaji kukumbuka.

"Mayu," akasema, "wewe ni jua."

Nilifumba macho. Shemeji aliweka ndoo chini.

"Mimi?"

"Ndiyo. Kaa hapo hapo, usisogee. Jua halisogei."

"Na magoti haya nisogee niende wapi. Endelea."

"Dunia inalizunguka jua mwaka mzima. Haifiki na haiondoki." Akanyoosha mkono kwenye uzio. "Dunia ni yule."

Mama mkwe akatazama minyaa muda mrefu.

"Mbona hiyo dunia ni nyembamba?"

Shemeji alianguka chini kwa kicheko. Mimi nilisimama, kwa heshima, nikaangalia pembeni kama inavyotakiwa.

"Dunia," mke wangu akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imepata miguu, "tembea."

Nikatembea. Nilizunguka uzio wa wakwe zangu mchana kweupe siku ya Jumapili, watu wa kanisani wanapita, na mke wangu anapaza sauti kutoka ndani. "Yuko pale sasa, mayu, unamwona kichwa? Pale barabarani ni mbali kabisa na wewe. Hiyo ni apo. Ni mwezi wa saba. Sasa anarudi, anarudi, anapita zizi la ng'ombe, nusu ya njia, anakaribia. Hapo! Nyuma ya jiko! Hapo ni peri. Hapo ni Januari. Ndipo anapofika karibu kabisa, halafu anapitiliza, hawezi kuingia."

"Hawezi na asijaribu," mama mkwe akasema.

Alinizungusha tena ili mama yake aone vizuri. Niliporudi kwenye pengo nilikuwa siwezi kuongea. Mama mkwe alikuwa ameacha kulisha mtoto. Anafikiri. Nilimwona anafuata njia yangu kwa kidole hewani, taratibu, kidole kinakwenda mbali kinarudi karibu.

"Sawa," akasema. "Januari tuko karibu na jua. Mwezi wa saba tuko mbali nalo. Kwa hiyo baridi ile ya mwezi wa saba inatokana na umbali huo?"

Hapo nilifurahi. Swali lilikuwa langu kabisa, nilikuwa nimeliandalia jibu toka mwezi wa saba. Nikapeleka mdomo kwenye minyaa nikanong'ona, "Ndiyo! Mwambie ndiyo!"

Mke wangu alinisikia, niliona shingo yake ikigeuka kidogo upande wangu.

"Hapana, mayu," akasema.

Nikang'oka kwenye uzio kama nimechomwa na utomvu.

"Hapana?" mama mkwe akauliza. "Mtu akisogelea moto si anapata joto?"

"Akisogea sana. Dunia inasogea kidogo tu. Ngoja nikuulize wewe. Leo ni mwisho wa mwezi wa tisa. Dunia haipo karibu wala mbali, iko katikati ya safari, huko kwenye zizi. Joto la leo na la Januari, lipi kali?"

Mama mkwe hakufikiria hata kidogo. Amelima tangu kabla mimi sijazaliwa. "La sasa. La Januari lina mvua ndani yake. Hili la sasa mpaka mwezi wa kumi, mbegu ukiitupa inakaangika."

"Kama ingekuwa ni ukaribu, Januari ndiyo ingetukaanga zaidi ya sasa."

Mama mkwe akainua macho akatazama juu.

"Simama, mayu. Angalia kivuli chako."

Mama mkwe, ambaye alikuwa ameambiwa jua halisogei, akasimama akaenda juani. Akaangalia chini. Kivuli chake alikuwa anakikanyaga, chote kimejikusanya miguuni. Na mimi nikaangalia changu. Kilikuwa hapo hapo chini ya viatu.

"Mwezi wa saba saa kama hii kivuli kinalala wapi?"

"Kinalala upande ule," mama mkwe akasema, akaonyesha kusini, kwenye zizi. "Kirefu."

"Kwa sababu dunia imeinama, mwezi wa saba jua linatuangalia kwa pembeni, kutoka kaskazini. Sasa hivi limekaa juu ya kichwa, na mawingu hakuna. Ndiyo linachoma. Na kule Ulaya, Januari hiyo hiyo ya karibu, barafu inaanguka, kwa sababu upande wao umeinamia kwingine. Ukaribu upo, mayu, tumeupima. Ila kazi yake ni ndogo."

Mama mkwe akarudi kwenye kigoda chake. Akamchukua mtoto, akamfuta mdomo kwa kanga.

"Yaani upo karibu lakini husaidii kitu," akasema polepole.

"Ndiyo, mayu."

"Kama huyo mkwe wangu."

Shemeji safari hii alienda kucheka ndani, nje palikuwa hapamtoshi. Nami kumjibu moja kwa moja nisingeweza, na mtu wa kunipelekea majibu alikuwa amejifungia chumbani anapiga ukuta.

"Na nani alikuwa ananong'ona ndiyo, ndiyo?" mama mkwe akauliza.

"Ni upepo," mke wangu akasema. Nilimpenda sana dakika ile. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani.

Mama mkwe akaongea bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayepanga viazi kwenye kikapu. "Nimeelewa. Nimelima miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini kivuli kinahama. Mtoto atabaki kwangu mpaka umalize mtihani. Na ukifaulu ukaenda huko kwenye unesi, tutaongea tena, lakini usidhani nitakataa."

Mke wangu akapiga magoti. Alishika ile miguu ya mama yake yenye vumbi, mtoto akadhani ni mchezo akaanza kumpiga kichwani. Mimi nyuma ya minyaa nilikuwa na kitu machoni. Nitasema ni minyaa.

"Lakini shamba halijiandai lenyewe," mama mkwe akaendelea. "Nilikuwa nahesabu mikono yako. Sasa mikono yako imeenda shule. Na wewe wa huko ndani, toka, acha kucheka. Mwambie mkwe wangu kwamba nimeona ana nguvu ya kuzunguka. Aje kesho alfajiri."

Shemeji akaja mpaka kwenye pengo, machozi ya kicheko yanamtoka. "Shemeji, mama anasema—"

"Nimesikia."

"Anasema alfajiri."

"Nimesikia, shem."

Kwa hiyo sasa hivi nalima. Kila alfajiri kabla ya kufungua kazi stendi niko shambani kwa wakwe, mama mkwe anaanzia mwisho ule na mimi naanzia mwisho huu, na tumeelewana bila kuongea kwamba tukikaribiana mmoja anahamia tuta lingine. Viganja vimetoka malengelenge ambayo spana haikuwahi kunipa. Jana mke wangu alipita pembeni ya shamba na mkoba begani anaenda kituoni, uso wake wote umetulia, kushoto na kulia. Alisimama akaniangalia ninavyolima.

"Pole na kazi, baba mtoto."

"Nishapoa. Leo mnasoma nini?"

"Mvua. Kwa nini miaka mingine inachelewa."

Juu ya hilo nilikuwa na maoni yangu, mazuri tu, nimeyafikiria muda mrefu nikiwa naziba pancha. Nikasimamisha jembe. Yeye akangoja, amekunja midomo, anajizuia kucheka. Kule mwisho wa shamba mama mkwe naye alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anatusikiliza.

"Nenda," nikamwambia. "Utachelewa kipindi."

Nikainama nikaendelea na tuta langu.